Hapo Nilipo Ndipo Uje

Ungemkuta Bi Wakili asubuhi anafungua ofisi, ungedhani ndani kumejaa watu. "Assalamu alaykum jamaa," alisema mlangoni, kisha akazunguka kutoka meza moja hadi nyengine akivisalimia viti. Viti vilikuwa vitupu. Kimoja cha mwenzetu aliyehamishiwa Unguja, kimoja cha mwengine aliyekwenda kusoma, na kimoja cha dada aliyekuwa likizo ya uzazi. Kabati lilikuwa limeshiba, kwa hiyo juu ya kila kiti tulipanga majalada ya kesi. "Hawa ndio wafanyakazi wangu," aliniambia. "Hawaombi ruhusa wala hawaumwi."

Mfanyakazi wake wa kweli nilikuwa mimi. Nilikuwa wakili wa serikali mchanga, mtoto wa mtaa wa Jadida mjini Wete, nimetoka chuo na maneno ya vitabu yamenijaa mdomoni, na kwa muda mrefu ofisi yetu ya mashitaka ilikuwa ni yeye na mimi. Kesi za karafuu za magendo, za ng'ombe walioibwa, za visu, za dawa za kulevya, na zile za udhalilishaji wa wanawake na watoto ambazo Pemba nzima inazijua na Pemba nzima inazinong'ona, zote zilipita kwenye meza zetu mbili. Jina lake silitaji. Watu wa Konde mpaka Makangale hawakulihitaji. Walisema Bi Wakili, basi, utadhani wakili duniani ni mmoja.

Alikuwa mfupi, mwendo wake wa haraka, na sauti yake ilifika ng'ambo ya pili ya barabara kabla yeye hajafika. Hakuwa na saa ya kula. Aliweka halua kwenye droo, akawa anamega kwa kidole huku anasoma maelezo ya polisi, na majalada yetu yote yakapata madoa. Siku moja hakimu alinyanyua karatasi moja, akaigeuza kwenye mwanga, akauliza kwa sauti ya mahakama, "Doa hili ni sehemu ya kielelezo?" Bi Wakili akasimama, akainamisha kichwa. "Hapana, mheshimiwa. Hiyo ni halua ya Wete." Hata mshitakiwa alicheka.

Lakini alikuwa mkali, na mimi ndiye niliyeuonja ukali wake kuliko wote. Hati ya mashitaka niliyoiandika vibaya hakuirekebisha. Aliirudisha mezani kwangu bila neno, mara ya pili bila neno, na mara ya tatu akaja kusimama nyuma ya kiti changu mpaka nilione kosa mwenyewe. Nilimchukia siku hizo, nasema kweli. Nilikwenda nyumbani nikamsema kwa mama yangu, naye mama akanijibu kwamba mtu anayekuhangaikia hivyo ana kazi nyengine nyingi za kufanya, na ameziacha kwa ajili yako. Ndiyo, alikuwa nazo.

Mara moja alikuja bwana mmoja kutoka Unguja kutukagua. Akauliza kwa nini kesi zetu zinachelewa. Bi Wakili aliondoa majalada kwenye kiti kimojawapo, akampangusia vumbi kwa ncha ya mtandio, akamkaribisha akae, kisha akampa jalada moja. "Hili la leo saa nne, Konde. Na hili la leo saa nne, Wete. Chagua moja, kaka yangu, jengine nitalichukua mimi." Yule bwana akacheka sana. Tulimpa chai, akanywa, akaenda zake uwanja wa ndege, na sisi tukabaki na saa nne mbili.

Adui wake mkubwa hakuwa mshitakiwa wala wakili wa utetezi. Alikuwa muhali. Kwa asiyetujua, muhali ni ile haya ya kumkatalia mtu, au ya kumuumbua mtu ambaye kesho mtakutana harusini, msikitini na mazikoni. Shahidi ameona kwa macho yake, ameeleza polisi, ametia saini, na siku ya kesi anamwona shemeji wa mshitakiwa amesimama mlangoni anamtazama kwa unyonge. Basi, ulimi unakufa. Wazee wanakuja nyumbani na maneno laini, sulhu inafanywa ukumbini, na kesi inafia huko. Bi Wakili aliusema muhali kwa hasira zote alizojaliwa. Kisha simu inalia, askari wa kituo fulani anamwomba amsaidie kuandika jambo ambalo si kazi yake, naye anasema "haya, lete." Jirani ana harusi, anaombwa akapike, anakwenda na jalada ndani ya mkoba. Hakujua kumkatalia mtu. Nilimwambia hivyo siku moja, akasema, "Ndo maana naujua." Hakuona tatizo lolote hapo.

Na kwa kuwa aliujua, alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Samansi za mahakama hupitia kwa sheha, kiongozi wa kijiji, na sheha naye ana shemeji. Kwa hiyo kabla ya kesi yoyote nzito alikwenda mwenyewe kwa shahidi, kwa vespa yake, buibui amelikunja na kulikalia. Hakuwahi kumuuliza mtu mbele za watu kama atakuja. Nilifuatana naye Tumbe kwa mchuuzi mmoja wa samaki aliyeshuhudia mtu kupigwa panga. Tulimkuta dikoni, pale mashua zinaposhusha samaki, anafunga matenga kwenye baiskeli. Bi Wakili alimsalimia, akaulizia watoto, akalishika tenga upande mmoja ili kamba ikaze, wakasema habari za samaki wa changu na bei ya barafu. Mahakama haikutajwa. Mchuuzi ndiye aliyechoka, akainama kama anaangalia gurudumu, akasema chini kwa chini, "Lini, Bi Wakili?" Siku ya kesi alikuwa wa kwanza kufika.

Alinifundisha pia kusikiliza inshallah. Alisema kuna inshallah ya mtu anayekutazama usoni, huyo atakuja. Kuna ya mtu anayejipangusa mikono huku anaisema, huyo haji. Na kuna ile inayofuatiwa na maneno mengi ya kumtaja Mungu. Hapo ujue wazee wameshapita nyumba hiyo. Nilidhani ni mzaha, mpaka nilipoanza kuona mwenyewe kwamba hakosei.

Tena kulikuwa na lile jambo la uwanja wa mahakama. Alitokea mwanamme mmoja nadhifu, kalamu mfukoni na makaratasi kwapani, akawaendea mashahidi wetu chini ya baraza akawaambia kesi imeahirishwa, waende wakapumzike. Wakamshukuru, wakaenda. Alikuwa ni binamu wa mshitakiwa. Tangu siku hiyo Bi Wakili aliwawekea mashahidi wa shamba sharti, na aliwakaririsha mpaka walijue kwa moyo: "Ntu asiye miye akikwambia neno, usinsikilize. Kesi ikiwa kesho, zima simu, wasikupigie wakakulilia. Niulizie nilipo, na hapo nilipo ndipo uje."

Lilikuwa sharti zuri. Liliwaponyesha mashahidi wengi. Lilihitaji kitu kimoja tu, kwamba Bi Wakili awe mahali pamoja kwa wakati mmoja, na hicho ndicho ofisi yetu ilichokosa.

Shahidi wetu mmoja, mama wa Makangale, alikuwa mjane, wa zile familia ambazo mababu zao walitoka bara kuja kulima na kuchuma karafuu. Alikuwa na shamba dogo la muhogo karibu na msitu na mtoto mmoja wa kike, bado yuko skuli. Mtu aliyemdhalilisha mtoto alikuwa ami yake, ndugu wa marehemu baba yake, ambaye ndiye aliyekuwa akiwaletea samaki na mchele. Sisemi zaidi ya hapo juu ya jambo lenyewe. Nasema tu kwamba yule mama alikataa sulhu. Wazee walikuja, akawasikiliza, akawapa kahawa, akakataa. Mawifi zake wakaacha kumsemesha. Ukitaka kujua maana ya hilo, jaribu kuishi kijijini ambako hakuna anayekubishia hodi.

"N'takuja," alimwambia Bi Wakili, mimi nikiwapo. "Lakini n'takuja kwako weye." Alimtazama usoni alipolisema. Mtoto alikaa ubavuni kwake, hakusema kitu chochote, si siku hiyo wala siku nyengine yoyote tuliyokwenda. Maelezo yake polisi yalichukua mchana kutwa kwa sababu alikuwa akijibu kwa kichwa.

Kesi ikaahirishwa. Mara daktari ana udhuru, naye alikuwa peke yake hospitalini kama sisi. Mara askari mpelelezi amehamishwa. Mara mimi na Bi Wakili sote tumefungwa kwenye kesi nyengine. Mwisho hakimu akasema hili ni ahirisho la mwisho: siku ijayo mama na mtoto wasimame, la sivyo analiondoa shauri. Hakuwa mtu mbaya. Mshitakiwa naye alikuwa rumande muda wote huo, na sheria haimtaki mtu akae ndani kwa kuwa ofisi haina watu.

Ndipo ikaja habari kwamba kesi ya mauaji aliyokuwa akiiendesha Bi Wakili imepangiwa Mahakama Kuu, Chake, asubuhi ile ile. Aliomba isogezwe, haikuwezekana. Mashahidi wa kutoka Unguja walishakatiwa tiketi. Akapiga simu juu, akaomba mtu mmoja, siku moja tu. Nilimwona anavyosikiliza. Alipoiweka simu nikamuuliza wamesemaje. "Wamesema tujitahidi," akasema. Akakaa na mkono juu ya simu. Nilikuwa sijamwona akikaa bila ya kufanya jambo.

Alikusudia kwenda Makangale mchana wa siku ya kabla yake, amweleze mama mwenyewe kwamba nitakuwa mimi. Hakuenda. Mashahidi wa mauaji walichelewa kufika, akabaki Chake akiwatayarisha hadi Magharibi. Basi nikapiga simu mimi.

"Mama, kesho njoo Wete kama ilivyopangwa. Bi Wakili hatakuwepo, lakini mimi nitakuwepo, mimi ndiye mwenye jalada."

"Weye nani?"

"Mimi Riziki. Yule anayekuja naye."

"Haya," akasema. "Inshallah."

Kwenye simu huoni uso wala mikono. Bi Wakili naye alimpigia baada ya Isha, simu ilikuwa imeshazimwa.

Asubuhi nilikaa kwenye ngazi za mahakama Wete tangu milango haijafunguliwa. Gari za Konde zilikuja zikashusha watu, nikawa natazama kila buibui linaloshuka. Mshitakiwa aliletwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi, ndugu zake wakajaa baraza. Simu ya mama ilikuwa imezimwa. Ya Bi Wakili ililia, haikupokewa. Alikuwa ndani mbele ya jaji. Tulipoitwa nikaomba dakika. Nikaomba tena, tusubiri mpaka adhuhuri. Nilisema shahidi yuko njiani, na sikuwa na yakini kama yuko njiani au yuko kwenye shamba lake la muhogo. Hakimu alinitazama kwa huruma, na huruma ile ilinitia hasira. "Dada," akasema, "na mahakama hii ina hakimu mmoja." Akaliondoa shauri. Tungeweza kulifungua upya, sheria inaruhusu, lakini mtu yule alitoka kwa miguu yake, akapita mbele yangu, akanipa salamu.

Mama alikuwa Chake. Alitoka Makangale alfajiri na mtoto wake, simu amezima, akafika Konde ambako gari za Wete na za Chake husimama pamoja. Akamuuliza askari Bi Wakili yuko wapi leo. Askari akamwambia yuko Chake, Mahakama Kuu. Msichana wa simu, yaani mimi, alikuwa amemwambia Wete, lakini yeye alishaambiwa asimsikilize mtu. Akapanda gari ya Chake. Bi Wakili alipotoka kwa mapumziko aliwakuta wamekaa kwenye benchi, mama na mtoto, wamevaa nguo zao nzuri, wanamsubiri.

Aliwaleta Wete kwa gari ya kukodi. Nilikuwa bado kwenye ngazi. Nilipomwona anashuka sikuhitaji kusema, alisoma uso wangu, akamgeukia mama pale pale uwanjani mbele ya watu waliokuwa wakitawanyika.

"Kesi imeondolewa," akamwambia. "Kaachiwa. Kosa ni langu."

Mama alitazama mlango wa mahakama, akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Miye n'lifanya vile ulivonambia, Bi Wakili."

Hakulisema kwa lawama. Afadhali angelisema kwa lawama.

Tulifungua shauri upya haraka kadiri tulivyoweza, lakini yule mtu alikuwa ameshavuka kwenda bara, na hati ya kumkamata ikabaki karatasi isiyo na mtu. Asubuhi iliyofuata Bi Wakili aliingia ofisini bila kuvisalimia viti, na hakuvisalimia tena. Hakuna aliyemgombeza. Nilikuwa na hasira, na hasira zenyewe hazikujua pa kwenda: kwa hakimu, kwa waliosema tujitahidi, hata kwa mama yule, Mungu anisamehe. Yeye alinichukua kwenye vespa akanizungusha kwa kila shahidi tuliyekuwa naye, nyumba kwa nyumba, akisema, "Huyu na miye ni mamoja." Aliendelea hivyo mpaka akastaafu.

Mwaka jana yule mtu alirudi. Alidhani tumeshasahau, akaja kula sikukuu kwao, askari wakamkamata akiwa na kanzu mpya. Wakati huo ofisi ilikuwa mikononi mwangu, na nilikuwa nimeletewa vijana wawili, ingawa mmoja wao alishaanza kuulizia uhamisho. Nilikwenda Makangale mwenyewe. Mama amezeeka. Yule mtoto sasa ni msichana mrefu, alileta maji ya kunywa akarudi ndani kimya.

"Bi Wakili yupo?" akaniuliza mama.

"Amestaafu, mama. Nitakuwa mimi."

"Basi siendi." Alikuwa akijipangusa mikono. "N'shakwenda mara moja nkaonekana mwongo kijiji kizima. Akija yeye n'takwenda."

Nikaenda moja kwa moja kwa Bi Wakili. Nilimkuta uani amekaa juu ya jamvi, anachambua karafuu, miwani imemteremka puani. Alifurahi kuniona, akaniita mwanangu, akataka kunipikia. Nikamwambia habari. Mikono yake ikasita juu ya karafuu.

"N'toto yu vipi?"

"Amekua. Hasemi bado."

Nikamwomba: siku moja tu, aje akae ndani ya mahakama, si lazima aseme neno, mama amwone tu.

"Siji," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Mtu huyu hakuwahi kumkatalia mtu hata sufuria. Nikamwomba tena, nikapandisha sauti, nikamwambia kesi itafia tena mikononi mwetu na safari hii ni yeye atakayeiua. Hayo ndiyo maneno niliyomwambia mwalimu wangu uani kwake. Uso ulimbadilika, lakini sauti haikubadilika.

"Nikenda, n'takuwa nishanfundisha tena kunifata miye. Miye ntu mzima, Riziki. Nikifa je? Kesi yake si yangu. Ndo nlokosea." Akavua miwani. "Mwambie Bi Wakili kasema haji."

"Nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Usimpambie."

Alikuwa analia, nami nilikuwa sijapata kumwona akilia. Sikumfariji. Nilitoka na hasira zangu, nikamwachia mlango wazi.

Nilimfikishia mama maneno yale kama yalivyo. Hakunijibu, wala inshallah hakusema. Kwa hiyo siku ya kesi nilisimama kwenye ngazi zile zile bila ya kujua lolote, ndugu za mshitakiwa wamejaa barazani, mmoja wao anatabasamu. Gari ya Konde ikaja. Mama akashuka, na nyuma yake yule msichana.

Mama alizungusha macho uwanja wote, akaja mpaka nilipo. "Hakuja?"

"Hakuja, mama. Haji."

Akawatazama mashemeji zake barazani, nao wakamtazama. Alisimama. Niliona anavyoirudia gari kwa macho, na dereva alikuwa bado hajazima injini.

Msichana akauachia mkono wa mama yake. Akapita mbele yake, akaja karibu yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikaisikia sauti yake.

"N'simame wapi?" akaniuliza.

Nikamwonesha.